Herufi Iliyokwepa Bomba

Nakhumicha alikuwa amekijua kimya cha Kabiru kama alivyozijua herufi zake, kwa kutazama polepole, bila haraka ya kutoa jina. Kulikuwa na kimya cha kuchanganya rangi. Kulikuwa na kimya cha kupiga mstari, uzi wa chaki ukiwa umebanwa kwa meno. Kulikuwa pia na kile kimya alichomtazama nacho yeye, akidhani haonekani. Kimya cha Alhamisi hii hakikufanana na chochote kati ya hivyo.

Kabiru Ngari alikuwa ameketi juu ya debe la rangi lililopinduliwa, katika banda lake nyuma ya duka la mbegu la mama yake, mjini Kitale. Magotini alikuwa na karatasi moja. Juu ya karatasi hiyo Nakhumicha alikuwa amechapa kazi yake ya miezi mitatu: herufi kubwa kutoka A hadi Z, herufi ndogo chini yake, kisha tarakimu. Ilikuwa fonti yake ya kwanza. Alikuwa ameibeba kutoka Bungoma asubuhi hiyo katikati ya vipande viwili vya katoni, isije ikakunjika.

"Sema kitu," alisema kwa sauti ndogo.

"Naangalia."

"Umeangalia mpaka chai imeshika utando."

Kabiru hakucheka. Kidole chake, chenye rangi ya buluu pembeni mwa ukucha, kilikuwa kimetua juu ya herufi moja na hakikuondoka.

Nakhumicha alingoja. Kungoja alikuwa anakujua. Alifanya kazi katika duka la uchapishaji pale Kanduyi, hukohuko Bungoma, akipanga programu za mazishi na kadi za harusi, na ni katika kazi hiyo alipoanza kujiuliza mambo ambayo wenzake hawakuyajali. Kwa nini majina ya marehemu wote wa Bungoma yaandikwe kwa herufi zilezile? Nani alizichora? Alitafuta, akagundua kwamba herufi zina wenyewe. Kuna watu Uholanzi na Uswisi waliokaa na mpindo wa herufi moja miaka mingi kuliko watu wengine wanavyokaa na mke. Alisoma maandishi yao. Alitazama video zao kwa bando za saa moja moja. Hakuna aliyemfundisha, lakini wote walionekana kusema neno moja: kabla hujachora zako, watazame waliokutangulia, na uwatazame vizuri.

Basi akawatazama. Halafu akaanza kutafuta wa karibu.

Alimpata siku aliyopeleka kadi za harusi Kitale. Ukuta wa duka moja ulikuwa umeandikwa MAGUNIA, KAMBA, MATURUBAI, na miguu yake ilikataa kuendelea. Aliingia akamuuliza mwenye duka ni nani aliyeandika pale nje. Ndivyo alivyofika katika banda hili. Alirudi mara ya pili na maswali, mara ya tatu na maswali zaidi, na mara ya nne alikuja na maandazi. Sasa miezi minne ilikuwa imepita. Mchapishaji mmoja wa Eldoret, wa vitabu vya watoto wa nasari, alikuwa akiingoja fonti hii Jumatatu. Na kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumamosi, siku ambayo Kabiru angekwenda Kanduyi kuonwa na wazazi wa Nakhumicha kwa mara ya kwanza. Eldoret haikuwa imemnyima usingizi. Jumamosi ndiyo iliyomnyima.

"Hii G," Kabiru alisema hatimaye. "Umeitoa wapi?"

"Niliichora."

"Uliichora, ama uliipitishia kalamu?"

Damu ilimpanda Nakhumicha masikioni. Kabla hajajibu, pazia la banda lilisogezwa. Mary Ann, mama yake Kabiru, aliingia na chupa ya chai ya pili, mwanamke mwembamba aliyefunga kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

"Nakhumicha, mwanangu. Leo umekuja kuona watu ama kuona kuta?"

"Watu, mama."

"Asante Yesu." Mary Ann alimimina chai, akainama juu ya karatasi kwenye magoti ya mwanawe. "Aa! Hii naijua. Si ni ile ya kwa magunia?"

Mary Ann aliwatazama wote wawili, akafunika chupa, akatoka bila neno, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo zito.

Kabiru alisimama. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa magunia."

Walipita kando ya malori ya mahindi yaliyokuwa yakipakuliwa, makuli wakipiga kelele kwamba watu wapishe. Siku nyingine Kabiru angemshika kiwiko wakivuka. Leo alitangulia hatua tatu mbele. Walipofika kwenye ukuta alikwenda moja kwa moja kwenye neno la kwanza, akaweka kiganja chake kati ya G na U.

"Unaona hizi alama za simiti? Moja hapa, moja kule juu."

Nakhumicha alisogea. Alikuwa ameupiga ukuta huu picha mara thelathini, lakini hakuwa ameziona. Zilikuwa duara mbili ndogo, zimepakwa rangi ileile ya ukuta.

"Hapa kulikuwa na bomba la gata," Kabiru alisema. "Lilishuka kutoka kwa paa mpaka chini. Nilimwambia mwenye duka alitoe kwanza. Akasema mvua ya Kitale haingojangi fundi. Nikaandika nikilikwepa. A ilikaa sawa. U ilikaa sawa. G ndiyo ilikosa nafasi. Nikaikata juu, nikaikata hapa kwa ulimi, hiki kikono cha ndani, wima, kama pua ya mtu aliyegongwa na mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa nazunguka nyuma ya soko ili nisipite hapa."

"Bomba lilitolewa lini?"

Kabiru alimgeukia. "Unaona sasa? Hata saa hii unauliza bomba."

"Pole. Sikujua. Mimi nilidhani ni mtindo."

"Mtindo gani? Ni bomba, Nakhumicha! Umechukua bomba ukalitia kwa C. Ukalitia kwa S. Hata hii e ndogo, maskini, ina bomba."

Hapo Nakhumicha alifanya kosa. Alicheka. Hakukusudia, lakini aliiona ile e ndogo ikitembea na bomba lake kati ya watoto wa nasari wa Eldoret, na kicheko kikamtoka kabla hajakishika. Alipoinua macho, uso wa Kabiru ulikuwa umefungwa.

"Kuna watu walikuja hapa na simu," alisema polepole. "Wakapiga picha kazi zangu, wakaenda kuchapa mabango ya plastiki. Nikaona herufi zangu zinaning'inia kwa steji ya matatu, na mimi siko. Nilinyamaza. Walikuwa watu nisiowajua. Wewe nakujua. Nilikuuliza, ukasema ulichora."

"Kumi ndizo nilipitishia kalamu juu ya picha," alisema Nakhumicha. Alikuwa mtu wa hesabu kamili hata alipokuwa akiumia. "Zile kumi zilizo hapa ukutani. Zingine nilizijenga juu yazo. Lakini Kabiru, wewe pia ulijifunza kwa mtu. R yako si ni ya Kang'ethe, fundi aliyekufundisha? Wewe mwenyewe uliniambia."

"Ni ya Kang'ethe. Siifichi. Lakini unajua alinipatiaje?" Alifuta vumbi kiganjani. "Alinipeleka mpaka kwa posho mill fulani ya kusaga mahindi aliyoandika zamani. Hakutaka nibebe karatasi wala penseli. Alisema, angalia. Nikaangalia mpaka jua likanichoma. Halafu tukatembea kurudi, kama maili mbili, akinipigia hadithi za ng'ombe makusudi nisahau. Tukifika ananiambia, haya, sasa andika. Kile nilichosahau nililazimika kujaza mwenyewe. Ndiyo maana mguu wa R yake umenyooka na wangu unapiga teke. Mtu akiniuliza ni ya nani, nina jibu. Nitasema ya Kang'ethe, na mahali ya Kang'ethe inaishia, na mahali yangu inaanzia."

Jambo lenyewe lilikuwa zuri mno. Nakhumicha angelisikia siku nyingine angelitoa kalamu akaliandika.

"Mama amekuwa akiniambia," Kabiru aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa chini. "Ananiambia, huyo msichana wa Bungoma anaangalianga ukuta kuliko vile anakuangalia wewe. Nikamwambia aache maneno. Sasa nakuuliza mara moja tu. Ulikuja juu yangu ama juu ya ukuta?"

Mwanamke mwingine angejibu upesi, hata kwa uongo. Nakhumicha alikuwa na tabia ya kulipima jibu kabla ya kulitoa.

"Nilianza na ukuta," alisema.

"Na ukaishia wapi?"

Alitafuta. Alijua kwamba ukuta ulikuwa umeishia mahali fulani na mtu huyu akaanza, lakini mahali penyewe hakuweza kupaona, na hakutaka kumpa jibu la kukisia. Aliendelea kutafuta. Kuli mmoja akapita na gunia, wakampisha, na aliporudisha macho Kabiru alikuwa amekwisha kuchukua kimya chake kuwa jibu.

"Sawa," alisema. Alimrudishia karatasi ikiwa katikati ya katoni zake, kwa uangalifu uleule wa mtu anayeheshimu kazi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi sijui."

Akaondoka. Alikata kushoto, akazunguka nyuma ya soko.

*

Ijumaa Nakhumicha alipanga programu mbili za mazishi bila kukosea jina hata moja. Saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, alifungua faili la fonti. Ilikuwa kama Kabiru alivyosema. Sasa aliliona bomba kila mahali. Lilikuwa kwa C, kwa S, kwa J, hata kwa tatu na tano. Alikuwa amejenga kijiji kizima kuzunguka kitu ambacho hakikuwepo tena.

Alifuta G. Akafuta zile tisa nyingine. Alikaa kidogo, kisha akafuta zote, na kabla ujasiri haujaisha akawaandikia watu wa Eldoret kwamba Jumatatu haitawezekana, anaomba wiki mbili.

Halafu akaacha simu yake mezani, akatoka mikono mitupu.

Alitembea Kanduyi akitazama. Saluni moja ilikuwa na mwandishi aliyeanza kwa nguvu na kuchoka kufikia silabi ya mwisho. Buchari ilikuwa na herufi zilizoinama kulia, kana kwamba zinawahi basi. Ubao wa kanisa uliandikwa na mtu aliyeogopa pembe, kila kona aliizungusha. Aliwatazama wote watatu kwa zamu, kama wageni watatu aliotaka kujua kila mmoja anatoka wapi. Ndani ya kichwa chake mlikuwamo pia wale mabwana wa Uholanzi na ile a yao ndogo, iliyokaa imara kama chungu. Alirudi dukani taratibu, akisalimia watu njiani ili asahau.

Kisha akachukua penseli.

G ya kwanza ilikuwa kama jembe lililovunjika. Ya pili ilikuwa ya buchari. Ya tatu ilikuwa ya Kabiru, aliitambua kabla haijakwisha, akaigeuza karatasi. Ya nne na ya tano hazikusema kitu. Ya sita ilipofika kwenye mpindo wa chini, penseli ikienda yenyewe, Nakhumicha alisikia kitu kifuani. Alikuwa ameshika pumzi.

Akaacha penseli.

Hakuna ukuta uliomfundisha hivyo. Kabiru ndiye aliyekuwa akishika pumzi namna ile. Kila alipofika kwenye mpindo, mabega yalitulia, burashi ikazunguka, na mpindo ulipokwisha akaiachilia pumzi kwa pua, fuu, kama farasi mdogo. Wiki ngapi alikuwa amesimama nyuma yake akiingoja ile fuu? Hakuwa ameiandika popote. Haikuwa na faida yoyote kwa fonti.

Jibu lilikuwa pale. Lilikuwa limekuja limechelewa siku moja, lakini lilikuwa limekuja.

Alipiga simu. Imezimwa. Akaandika ujumbe: *Nina jibu. Si la simu.* Alama pembeni ya ujumbe ilibaki moja, haujafika.

Jioni, nyumbani, baba yake, Mzee Barasa, karani mstaafu aliyekuwa bado akipiga pasi mashati yake ya kazini, aliweka kijiko chini.

"Huyo wa Kitale anakuja ama haji? Kuku anangoja jibu lenu."

"Sijui, baba."

"Hujui? Mimi nilikupeleka shule uandike kwa karatasi. Yeye anaandika kwa ukuta. Hatujui watu wake, hatujui hata vile wanasalimiananga. Na sasa hata hajui kama anakuja?"

"Baba Nakhumicha, acha mtoto ale," alisema mama yake, Jentrix, bila kuinua macho. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alimwongezea binti yake mboga, akamtazama usoni mara moja, na hakuuliza kitu.

*

Alikuja. Saa tano kasoro, jua likiwa limeshapanda, Nakhumicha alimwona kwenye kona ya barabara, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani, mkono mmoja una mfuko wa sukari, majani ya chai na mkate, mwingine una mchele. Alisimama nje ya lango kama mtu anayesoma jina la nyumba.

Nakhumicha alitoka mbio, kisha akakumbuka baba yake yuko dirishani, akatembea.

"Niaje," Kabiru alisema.

"Poa."

Wakatazamana. Mfuko wa mchele ulikuwa ukimkata vidole, lakini hakuuweka chini.

"Nilizima simu," alisema. "Nikaiwasha leo asubuhi, nikaona ujumbe. Mama akaniuliza, umeandikiwa nini? Nikamsomea. Akasema, mtu akikuambia jibu lake si la simu, nenda na miguu. Ndiye alipima huu mchele."

"Mama yako?"

"Mimi pia nilishangaa."

Nakhumicha alivuta pumzi. "Kwanza nikuambie, nilizifuta."

"Zile kumi?"

"Zote."

"Zote? Hata R?"

"Hata R."

"Hiyo R ilikuwa nzuri, bana!" Lilimtoka kabla hajajizuia, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi macho yake yakawa yale anayoyajua. "Na watu wa Eldoret je?"

"Hawajajibu. Hiyo ni yangu nitaibeba. Shika hii."

Alimtolea kipande cha karatasi kutoka mfukoni mwa sketi. Kilikuwa na herufi moja tu, ya penseli, kubwa kama kiganja. Kabiru aliweka mifuko chini hatimaye. Aliishika kwa mikono miwili. Kidole chake kikaanza juu, kikashuka na mgongo wa G, kikazunguka chini, kikapanda mpaka kwenye ulimi. Alirudia tena. Alitazama kama alivyofundishwa kutazama kwenye ile posho mill.

"Sijui ni ya nani," alisema. "Hapa chini nilidhani ni yangu, halafu ikaenda. Si yangu."

"Uliniuliza ukuta uliishia wapi. Wajua ukifika kwenye mpindo hushika pumzi?"

"Nani, mimi?"

"Kila mara. Mabega yanashuka, unazungusha, halafu unaiachilia kwa pua. Hivi." Akaifanya. Fuu.

Kabiru alimtazama kana kwamba amemwonyesha chumba cha nyumba yake ambacho hajawahi kuingia. "Miaka kumi naandika. Hakuna mtu ameniambia."

"Hakuna aliyekuwa akikutazama wewe. Walikuwa wakitazama ukuta. Jana nilipoichora hiyo nilikuwa nimeshika pumzi, na sikujua. Hiyo haiko kwa magunia, Kabiru. Ningepiga picha elfu moja nisingeipata. Niliikuta kwako. Sasa sijui ni tangu lini, lakini ni siku nyingi."

Kabiru aliikunja karatasi mara moja, akaitia mfuko wa shati, upande wa kushoto, akaufunga kifungo.

"Nakhumicha!" Sauti ya Mzee Barasa ilitoka dirishani. "Huyo mgeni unamhojia langoni kwa nini, wewe ni askari?"

*

Sebuleni, Mzee Barasa alikuwa amevaa tai. Alimwacha Kabiru aketi kwenye kiti cha wageni wa kanisa, kile kisichoruhusu mgongo kulegea.

"Umekuja peke yako, kama mtu wa kusoma mita?"

"Nilidhani leo ni salamu tu, mzee."

"Salamu ya Kitale inabebanga mchele?" Mzee Barasa aliutazama mfuko, akaridhika na ukubwa wake, akaficha kuridhika kwake. "Wewe unaandika maduka."

"Ndiyo, mzee."

"Ukikosea? Mimi ofisini nilikuwa na wino wa kufutia. Wewe kwa ukuta unafuta na nini?"

"Napaka nyeupe, nangoja ikauke, naanza tena." Kabiru alisita. "Lakini kuna kosa moja niliacha miaka nane. Juzi nikajua kuna mtu alilipenda."

"Atakuwa mtu mjinga."

"Hapana, mzee. Ana macho mazuri, ni vile tu hakuuliza."

Nakhumicha, aliyekuwa akipanga vikombe, alikaribia kuangusha kimoja.

Mzee Barasa alikuna kidevu. "Kijana, mimi sina ugomvi na rangi. Ninauliza kama wewe ni mtu wa kukaa. Nimeona mafundi wa ukuta. Wanakuja, wanaandika, wanaenda. Jina linabaki, fundi haonekani tena. Binti yangu si duka."

Nakhumicha alimwona Kabiru akishusha mabega.

"Ni kweli mimi hupita," Kabiru alisema. "Lakini kila nilichoandika Kitale naweza kukuonyesha kiko wapi na kimefifia kiasi gani. Nikiona kimefifia narudi na burashi, hata kama mwenyewe hajaniita. Najua hiyo si kazi ya maana kwa watu wengi. Ndiyo najua kufanya, mzee. Kurudi."

Fuu, pumzi ikatoka kwa pua.

Nakhumicha alitazama chini ili asicheke, na macho yakamjaa machozi.

Mzee Barasa alinyoosha tai ambayo haikuwa imepinda. "Mimi sijasema ndiyo, na sijasema hapana," alisema. "Kuku amechinjwa, tutakula. Hayo mengine yana wazee wake, watakaa chini, wataongea, na huko kwenu wataongea. Si mambo ya siku moja. Jentrix! Njoo usalimie mgeni."

Jentrix alitokea mlangoni kutoka jikoni, akipangusa mikono kwa leso yake. Kabiru alisimama wima. Alivuka chumba kwa hatua tatu, akainamisha kichwa, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishikilia kiwiko, kama alivyofundishwa kwao kumsalimia mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

Jentrix alisimama ghafla. Aliutazama ule mkono. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaingiza mikono yake yote miwili chini ya leso.

"Marahaba, mwanangu," alisema akiangalia pembeni. "Watu wa Kitale hawajambo?"

"Ha... hawajambo, mama." Mkono wa Kabiru ulibaki hewani. Aliugeuza, akaona buluu kwenye kucha. "Samahani, mama. Ni rangi tu. Nimeosha na tapentaini, haikutoka."

Jentrix alizunguka chumba kwa upande wa mbali, akachagua kiti cha mwisho kabisa karibu na dirisha, akaketi akimpa Kabiru bega.

Mzee Barasa alikuwa ameacha mdomo wazi. "Jentrix! Hata hatujaanza kuongea!"

"Nyinyi ongeeni," alisema Jentrix kwa upole, akitengeneza leso yake magotini. "Mimi sijawazuia."

Kabiru alimgeukia Nakhumicha. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Amenikataa?" alinong'ona. "Nimefanya nini?"

Nakhumicha aliweka kikombe chini. Alimsogelea, karibu kuliko ilivyofaa mbele ya wazazi.

"Mama hupatia kila mtu mkono," alisema. "Muuza mboga akija, anampa. Askofu akija, anampa. Kwetu kuna mtu mmoja tu ambaye mama mwenye nyumba hawezi kumpa mkono, kwa heshima, mpaka kufa."

"Nani?"

"Mkwe wake."

Kabiru aliutazama mkono wake, ule uliokataliwa. Aliushusha taratibu, akaufumba, kama mtu aliyetiliwa kitu kiganjani.